Mbaraka Mwinshehe: Kuiacha bendi si usaliti

Wahenga walinena kuwa vyombo vikiwa pamoja havikosi kugongana. Methali hiyo ina siri ambayo aghalabu hatuitambui. Lugha yetu hutumia neno hilo hilo, vyombo, kwa sahani na sufuria za jikoni, na vilevile kwa magitaa, ngoma na tarumbeta za bendi. Anayemiliki vifaa vya muziki huitwa mwenye vyombo. Na historia ya muziki wa dansi katika Afrika ya Mashariki, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya vyombo vilivyogongana.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mjadala niliousikia nyumbani Itumbe, katika nchi ya Abagusii, Desemba iliyopita. Tulikuwa katika matanga. Baada ya sala kwisha na vijana kwenda zao, wazee wachache walibaki kando ya moto, na mmoja wao akaitia redio yake kanda kuukuu ya marehemu Mbaraka Mwinshehe. Haikupita nusu saa kabla ya wazee hao kugawanyika. Mmoja alishikilia kuwa Mbaraka wa kweli ni yule wa Morogoro Jazz, na kwamba alipoiacha bendi hiyo aliwatupa watu waliomlea kisanaa. Mwingine alijibu kuwa, lau asingeondoka, tusingezipata nyimbo ambazo yeye mzee alizichezea siku ya arusi yake. Sauti zilipopanda, wakanigeukia mimi. Kwa kuwa ni mwalimu wa chuo kikuu, na kwa kuwa nina shahada ya udaktari katika isimu, walidhani sikosi hukumu.

Hukumu sikuwa nayo. Mimi nilizaliwa baada ya Mbaraka kufariki; nilimjua kwa sauti tu, kupitia redio ya baba. Nilijikohoza nikasema jambo lisilokuwa na maana. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kuwapa wazee wale.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe, katika eneo la Pwani ya Tanganyika ya wakati huo. Mji uliomkuza kisanaa ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Huo haukuwa mji mkubwa, lakini ulikuwa na jambo ambalo miji mikubwa kuliko huo haikuwa nalo: bendi mbili zenye nguvu zilizoshindana kwa miaka mingi. Upande mmoja kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mtunzi aliyeupenda mno muziki wa Kuba. Upande wa pili kulikuwa na Morogoro Jazz, bendi iliyoundwa mwaka ule ule wa 1944 aliozaliwa Mbaraka. Kila moja ilikuwa na wafuasi wake, kama timu za kandanda zilivyo na wao.

Mwaka wa 1965 uligeuza mambo mjini humo. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya barabarani, na Cuban Marimba ikabaki mikononi mwa akina Juma Kilaza. Mwaka huo huo Mbaraka, kijana wa miaka 21, alijiunga na Morogoro Jazz. Tangu hapo hadi 1973 alikuwa ndani ya bendi hiyo, akipanda kutoka kijana mgeni hadi kuwa ndiye mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi ambaye watu walilipa kiingilio ili wamwone. Mashabiki wakampa lakabu ya Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa zima.

Hapo ndipo mgongano ulipoanza kuota mizizi, na ni muhimu msomaji auone ulivyokuwa, kwa maana haukuwa ugomvi wa tabia mbaya. Bendi za dansi za zama hizo zilikuwa mali ya pamoja, au mali ya mwenye vyombo, au mali ya taasisi. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Jina lililoandikwa mbele lilikuwa la bendi. Hata mtindo wa kucheza ulikuwa wa bendi: NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso. Mwanamuziki mmoja mmoja alitarajiwa kuyeyuka ndani ya jina hilo kama chumvi ndani ya mchuzi. Mbaraka hakuwa mtu wa kuyeyuka. Gitaa lake lilitambulikana tangu noti za kwanza, na sauti yake pia. Bendi ilimhitaji ili ipendwe; yeye aliihitaji bendi ili asikike. Lakini kadiri alivyosikika, ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema nyimbo zile ni za nani.

Studio iliongeza mvutano huo. Ukumbini, wimbo wa dansi ulikuwa kitu kirefu. Mwimbaji alisimulia kisa chake polepole, kisha magitaa yakaachiwa nafasi yakapiga mpaka wachezaji watoke jasho. Lakini santuri ndogo ya siku zile ilibeba dakika chache tu kila upande. Kwa hivyo wimbo ulikatwa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa. Fikiri, msomaji, maamuzi yaliyofichika ndani ya jambo hilo dogo. Ni ubeti upi uachwe? Ni tarumbeta ya nani ipunguzwe ili solo ipate nafasi? Fauka ya hayo, rekodi za zama hizo zilifanywa kwa wote kupiga kwa pamoja mara moja, si kila chombo kwa zamu yake kama ifanyikavyo leo; mmoja akikosea, wote walirudia. Katika hali hiyo, mwenye sikio kali hugeuka mkali kwa wenzake, na wenzake humwona kuwa ana majivuno.

Kisha kulikuwa na suala la barabara. Tanzania ilikuwa na studio za Radio Tanzania, Dar es Salaam, lakini viwanda vya kufyatulia santuri vilikuwa Nairobi. Bendi ya Morogoro ikitaka kuwa na santuri madukani, kazi yake haikuwa na budi kupitia Kenya. Na bendi ikitaka kula, haikuwa na budi kusafiri: mji hadi mji, ukumbi hadi ukumbi, vyombo vikiwa juu ya gari na watu wakiwa wamebanana ndani. Safari ya namna hiyo huwafunga watu pamoja kama ndugu, na kama ndugu, huwafundisha kasoro za kila mmoja.

Safari kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1970. Morogoro Jazz ilikwenda Japani katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Kwa bendi ya mji mdogo, hiyo ilikuwa heshima isiyo kifani, na Mbaraka aliitungia safari hiyo wimbo uitwao Expo 70. Mimi naamini kuwa safari ile iliwapa wanamuziki wote fahari, lakini kwa kiongozi wa solo ilifungua pia dirisha. Mtu aliyepiga gitaa mbele ya halaiki ya mataifa hawezi kurudi na kuiona dunia ikiishia chini ya milima ya Uluguru. Miaka michache baadaye alikuwa akitunga juu ya mambo mazito ya nchi yake. Aliutungia wimbo msiba wa Dakta Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi ya 1971. Kwa kazi kama hiyo wasikilizaji walikuwa wakimsikia mtu, si kikundi.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Chambua jina hilo. Halina mji ndani yake. Bendi za awali zilijiita kwa miji yao: Morogoro, Dar es Salaam, Kilwa. Hii ilijiita kwa mlima unaotoa moto. Ilikuja na mtindo wake, Masika, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mmoja ambaye sasa hakuulizwa tena nyimbo zile ni za nani. Kwa mtu wa lugha kama mimi, jina jipya ni hati ya umiliki. Mbaraka hakuondoka ili aache kupiga muziki alioupiga Morogoro Jazz. Aliondoka ili auite wake.

Je, huo ni usaliti? Tulinganishe na mambo ya wengine. Mnamo 1978, jijini Nairobi, wanamuziki kadhaa wakiongozwa na mpiga gitaa Omar Shabani waliiacha Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, wakaunda Les Wanyika. Jina la Wanyika likawa kama shamba la urithi linalogombewa na nyumba mbili. Mashabiki walilia kuwa bendi imekufa. Kumbe muziki haukufa: Simba Wanyika waliendelea, na Les Wanyika wakatoa Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo hauna arusi ya kuukosa. Tulipodhani tumepoteza bendi moja, tulikuwa tumepata mbili.

Hata Ulaya mambo ni yale yale. Mwezi Januari 1969 kamera ziliwekwa mbele ya vijana wanne wa Beatles walipokuwa wakitunga na kurekodi. Filamu ya kwanza iliyotokana na picha hizo ilitoka 1970, na watu walioitazama walitoka wakisema wameona maiti ya bendi. Mwaka 2021 mwongozaji Peter Jackson alizirudia picha zile zile, takriban saa 60, akaunda filamu ndefu iitwayo Get Back. Humo yumo George Harrison akiondoka kwa hasira na kurejea baada ya siku kadhaa. Lakini humo humo mna vicheko, chai, na nyimbo zikizaliwa mbele ya macho yetu kutoka katika ubishi wenyewe. Picha ni zile zile, hukumu ni mbili. Funzo lake ni kwamba mvutano na ubunifu hukaa chumba kimoja. Anayemfukuza mmoja, mwenzake naye hufunga virago.

Bendi zetu hazikupigwa picha za saa 60. Kwa sababu hiyo, mafarakano yao yamebaki kuwa porojo za kando ya moto, na sisi hugawanyika kama watoto wa mke mkubwa na watoto wa mke mdogo. Lakini Mbaraka alituachia ushahidi mwingine: santuri zenyewe. Sikiliza kazi za awali kisha usikilize za Super Volcano. Katika zile za kwanza gitaa lake linajadiliana na wenzake; linasema, linajibiwa, linakatizwa. Katika zile za baadaye lina nafasi pana zaidi, na sauti yake ya kuimba imetulia kama ya mtu aliye kwake. Sisemi moja ni bora. Nasema kila moja ilihitaji mazingira yake, na mazingira ya pili yasingepatikana bila kuyatoka ya kwanza.

Na ni ya pili hasa yaliyotufikia sisi huku milimani. Wimbo wake uitwao Shida ulipendwa nchini Kenya kuliko pengine nyimbo zake zote. Abagusii waliupenda, na ulikuwa kwetu mtihani wa matamshi. Katika Ekegusii hatuna sauti ya sh, wala hatuna d inayosimama peke yake bila n mbele yake. Jina tu la wimbo lilitosha kuufunga ulimi wa mtoto wa Itumbe. Nakumbuka nikimsikiliza mama akiuimba huku akichuma majani chai, na neno lile likitoka kinywani mwake likiwa limevaa nguo za kwetu. Mimi nililisahihisha kwa kusikiliza redio, tena na tena. Baadaye nilisoma fonolojia katika vitabu; lakini mwalimu wangu wa kwanza wa fonolojia ya Kiswahili alikuwa mpiga gitaa wa Morogoro aliyekwisha kuzikwa. Wako wengi nchini humu ambao Kiswahili chao kilinyooshwa na waimbaji wa Tanzania kabla hakijanyooshwa na mtihani wa taifa.

Alipata muda mfupi wa kufaidi uhuru wake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa mwanamuziki ambaye studio zilikuwa upande mmoja na santuri upande wa pili, huo ulikuwa msiba. Hata hivyo hakuacha kuja. Januari 1979 alikuwa Mombasa, na huko alifariki katika ajali ya gari, tarehe 13 ya mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 34. Barabara iliyomchukua Salum Abdallah ilimchukua na mshindani wake. Super Volcano haikudumu baada ya kumpoteza, na kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Hakuziona sheria za hakimiliki zilizopitishwa Tanzania mwaka 1999 na Kenya mwaka 2001. Wanamuziki wengi wa zama zake waliziuza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja, na redio zikaendelea kuzipiga kwa miongo mingi baadaye.

Sasa nirudi kando ya moto. Mzee wa kwanza alisema Mbaraka aliwatupa waliomlea. Mimi nasema Morogoro Jazz ilimlea, na yeye alilipa malezi hayo kwa miaka 8 ya jasho, kwa safari, kwa nyimbo, na kwa jina la bendi lililofika Osaka. Deni lilikwisha lipwa. Mtoto wa kiume wa Mgusii akifika umri hujenga nyumba yake, na hakuna amwitaye msaliti wa baba. Tunamlaumu yule anayebaki akinung'unika chini ya paa la mwenziwe. Mzee wa pili alisema kuondoka kwake ndiko kulikotupa nyimbo. Ni kweli, lakini naye asisahau kuwa sikio lililozitunga lilinolewa katika ubishi wa bendi ile ya kwanza. Kosa la wazee wote wawili ni kudhani kuwa mgongano ni doa. Mgongano ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Lakini kosa langu ni kubwa kuliko lao. Katika kijiji cha jirani aliishi mzee mmoja aliyepiga besi katika bendi za hoteli za mji wa Kisii miaka ya 1970. Alikuwa na kumbukumbu kali: nani alifukuzwa na kwa nini, nani alitunga na nani aliandikwa, mwenye vyombo alikata shilingi ngapi. Kila likizo nilimpitia, na kila likizo nilimwahidi kuja siku maalumu na kinasa sauti, maswali yakiwa yamepangwa kitaalamu kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu. Simu yenye uwezo wa kumrekodi ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote huo. Matanga niliyoyataja mwanzoni mwa makala haya yalikuwa matanga yake.

Ndiyo maana siwaandikii wazee peke yao. Wanamuziki waliopiga dansi zama za Mbaraka, Kisii na Nyamira, Mombasa, Tanga na Morogoro, wanazidi kupungua. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa isimu, fasihi na historia wanaotafuta mada za tasnifu. Mashirika ya utangazaji ya Kenya na Tanzania yana kanda za zama hizo. Kila mwanafunzi na ampate mzee mmoja, amkalie, amuulize si nyimbo tu, bali ugomvi: mlibishana nini, nani alishinda, wimbo ulibadilika vipi. Asione haya kuuliza, wala mzee asione haya kujibu. Hakuna heshima katika kuzikwa na majibu.

Kama una baba, mjomba au jirani aliyewahi kushika gitaa jukwaani, usingoje likizo ijayo.